Chuma kinapotea kwenye sampuli yangu ya presha kubwa, naombeni ushauri wakuu

Mleta uzi: Habarini wakuu. Nayeyusha basalti (jiwe la volkano) kwenye mashine ya pistoni na silinda, presha gigapaskali 1, yaani kama kina cha kilomita 35 hivi, joto nyuzi 1250, masaa 24, kapsuli (kichupa cha kufungia sampuli) ya platinamu tupu. Nikikata na kung'arisha naona kioo (jiwe lililoyeyuka likaganda) katikati ni cha kahawia ila kadiri kinavyosogelea ukuta kinapauka, na olivini (madini ambayo kwa kawaida yana chuma) za pembeni karibu hazina chuma kabisa. Nilijua nikishaichomelea basi hakuna kinachotoka! Nataka hali ya oksijeni iwe karibu na bafa ya nikeli na oksidi yake (mchanganyiko unaoshikilia kiwango cha oksijeni kisiyumbe), nifanyeje?

JiweJeusi: Pole sana mkuu. Platinamu inakunywa chuma, na kikiingia ukutani kinaacha oksijeni yake nyuma, kwa hiyo kilichobaki kwenye sampuli nacho kinazidi kuoksidika. Hizo data usizitumie, najua inauma. Wengi wanaweka kikombe cha grafaiti (kaboni tupu) ndani ya platinamu ili chuma kisiguse ukuta.

Mleta uzi: Grafaiti si itanyang'anya oksijeni?

FundiPresha: Itanyang'anya, kaboni inageuka monoksidi na dioksidi, utabaki chini kabisa ya bafa ya nikeli. Kwa lengo lako tumia aloi ya dhahabu na paladi, inakunywa chuma kidogo (dhahabu tupu itayeyuka kwa joto hilo), halafu fanya kapsuli mbili kama alivyofanya mwanajiokemia Eugster miaka ya 1950. Ndani sampuli, nje unga wa nikeli na oksidi yake na maji kidogo. Kinachopita ukutani ni haidrojeni, sio oksijeni, nayo inarekebisha oksijeni ya ndani kupitia maji, kwa hiyo sampuli LAZIMA iwe na maji, na sampuli isiposhiba maji utakaa chini ya bafa. Pia masaa 24 kwa nyuzi 1250 ni mengi, haidrojeni inavuja. Ukifungua weka ule unga chini ya hadubini, utafute kijani cha oksidi na punje za kijivu zinazong'aa za nikeli, ukikuta kimoja tu ujue bafa ilikwisha njiani na hujui sampuli ilipitia nini.

Mgeni77: Samahani naingilia, watu wa fani hii mnaposema oksijeni ni baa (kipimo cha presha) 10 kwa kipeo cha -8, hiyo hewa iko wapi ndani ya jiwe?

JiweJeusi: Hakuna hewa humo. Hiyo namba inapima jinsi oksijeni ilivyo tayari kuungana na vitu. Kwa nyuzi 1200 na presha ya kawaida, ikishuka hadi kama kipeo cha -12 oksidi ya chuma inaanza kurudi kuwa chuma chenyewe. Presha nayo inahamisha bafa, ndo maana tunaandika iko juu au chini ya bafa kwa kiasi gani, namba tupu haisaidii.

Mleta uzi: Dah, sampuli yangu niliikausha kwenye oveni usiku kucha...

FundiPresha: Basi chagua kabla hujakata kapsuli nyingine. Ongeza maji upate bafa ya nikeli, au ibaki kavu kwenye grafaiti na ukubali kushuka chini.