Wanakuuzia heda na bandeji pamoja, zikitoboka wanasema bandeji ndiyo iliyoua waranti

Jamani, nimekasirika na sitaki kulizungusha. Duka moja la vipuri la Mombasa liliniuzia heda za Subaru, yaani mabomba ya kwanza ya ekzosi yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, injini ya EJ20, na kwenye kaunta hiyohiyo, risiti hiyohiyo, likaniuzia na ile bandeji ya kufungia ekzosi. Wazo halikuwa langu. Muuzaji ndiye aliyeitoa rafuni akaniambia, "Ukizifunga na hii, ndugu yangu, joto la boneti linashuka na gari linapata nguvu." Sasa heda zimetoboka, nimezirudisha, na jibu ni kwamba zilifungwa bandeji, kwa hiyo waranti hakuna. Bandeji waliyoniuzia wao!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hilo sharti si geni. Watengenezaji wengi wa heda huandika wazi kwamba ukizifunga, waranti imekufa. Mwenye duka analijua, maana ndilo la kwanza alilonisomea nilipolalamika. Siku ya kuchukua pesa alikuwa kimya.

Bandeji yenyewe inafanya kazi inayosemwa, hilo silikatai. Ni nyuzi za kioo, au zile za rangi ya shaba zinazotokana na jiwe la volkano, na inazuia joto lisitoke. Moshi ukibaki moto unakwenda kasi zaidi, na boneti inapoa. Lakini joto lile halikupotea, limebaki kwenye bomba. Moshi wa injini inayofanya kazi nzito unafika nyuzi joto 800 za Selsiasi na zaidi. Bomba lililo wazi linapozwa na upepo. Ukilifunga linakaribia joto la moshi wenyewe. Chuma cha kawaida kikizidi nyuzi joto 500 hivi huanza kuota magamba, yanabanduka, yanaota mengine, na kila mara ukuta wa bomba unapungua. Heda za bei ya chini zina ukuta mwembamba tangu mwanzo.

Hapo bado sijataja bahari.

Mimi naishi Malindi na njia yangu ni ya kuvuka daraja la Sabaki kwenda Gongoni, kule kwenye mashamba ya chumvi. Hapa grili za madirisha na mabati huliwa na kutu hata kama hakuna anayeyagusa. Na kwenye Subaru heda hazikai juu ya injini, zinapita chini yake, kando ya sampu, lile bakuli la oili, kwa hiyo masika kila dimbwi linarukia pale. Bomba tupu linakauka dakika chache baada ya kuwasha gari. Bandeji inanyonya maji ya chumvi, gari likilala inabaki na unyevu umekumbatia chuma usiku kucha. Asubuhi maji yanageuka mvuke na chumvi inabaki ndani. Kesho inaongezeka nyingine. Fundi alipokata vile vibanio na kuanza kufungua, bandeji ilitoka na vipande vya bomba vimeshikana nayo. Kwenye maungio ya kuchomelea unapitisha kidole.

Nao walisema heda ni za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi! Chini ya rangi ya fedha kulikuwa na kutu nyekundu ndani na nje, na sumaku inanasa kila mahali. Nyinyi mtakaosema sumaku si ushahidi, ni kweli, 409, ile stenlesi ya bei ya chini, pia hunasa, lakini 409 kwa kawaida huota kutu ya juujuu, hailiki namna ile kwa muda mfupi namna ile. Na hata ingekuwa 304 halisi, stenlesi bora zaidi yenye kromiamu asilimia 18 hivi, chumvi pamoja na joto ndivyo adui zake wakubwa. Inapasuka nyufa.

Na kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaigusi kabisa. Injini hizi zinajulikana kwa kuvuja oili kwenye gasketi za vifuniko vya valvu, na matone yanaangukia heda moja kwa moja. Kwenye bomba tupu utaona moshi na kunusa oili inaungua, unakwenda kwa fundi. Kwenye bandeji oili inanyonywa na kujikusanya, na siku itakayoshika moto utakuwa barabarani na watoto kiti cha nyuma. Mtu anakuuzia kitu hicho bila hata kukuuliza kama gari linavuja.

Msinijibu kwamba magari ya mashindano yanafungwa. Yale yanakaguliwa kila mara, na heda ikichoka inatupwa. Gari la kwenda kazini halina matunzo hayo. Kiwandani Subaru wenyewe huweka bamba la kuzuia joto lililoacha nafasi ya hewa kati yake na bomba, na ndilo bamba ambalo mafundi hulitoa na kulitupa wanapofunga heda. Lirudisheni, au mtengeneze linalofanana nalo.

Ninachodai ni pesa za heda na za bandeji, zote. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza muuzaji kusema uongo kuhusu ubora wake. Kuniambia stenlesi ilhali si stenlesi ni uongo. Nimeshawaandikia barua, nakala ninayo.

Aliyeuziwa heda na bandeji kwa pamoja, awe Malindi, Watamu, Kilifi au Lamu, aweke risiti yake hapa, afiche jina na namba ya simu. Na mwenye kumjua fundi wa kupaka seramiki, ile rangi ya kuzuia joto, kwenye heda ambaye kazi yake imeshahimili chumvi ya huku, anielekeze, maana gari liko juu ya mawe.