Ushauri: Tunakutana miaka 20 baada ya kumaliza chuo cha biashara. Tuweke madarasa au tule bata tu?

Karani wa Tabata

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni katibu wa kamati ya kundi letu lililohitimu shahada ya biashara mwaka 2006, hapa hapa Dar. Chuo sitakitaja. Novemba tunatimiza miaka 20 na tumekubaliana kukutana Jumamosi moja. Kwenye grupu la WhatsApp tupo 138. Waliolipa mchango wa shilingi 120,000 mpaka leo ni 29, na nusu yao ni wanakamati.

Tuliwahi kukutana tulipofikisha miaka 10. Hoteli ya ufukweni, mbuzi wawili, muziki. Saa tatu usiku mwenzetu mmoja akaomba maikrofoni "dakika tano tu", akachomoa projekta kwenye begi, akaanza kutuuzia mambo ya kuweka pesa mtandaoni na kuleta watu wawili chini yako. Wapo waliojiunga. Wapo ambao mpaka leo hawasalimiani.

Safari hii mwenyekiti wetu, dada mmoja mkali kweli kweli, anataka asubuhi yote iwe darasa. Anasema tulichosoma kimechacha. Nikifikiri naona ana haki. Tunamaliza chuo VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilikuwa asilimia 20, zile mashine za risiti za kodi, EFD, hakuna aliyekuwa ameziona dukani, M-Pesa ilikuwa haijaingia nchini, ilikuja 2008. Sheria ya Makampuni ya 2002 ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutumika mwaka ule ule.

Wanaopinga nao wana lao. Mmoja kaandika: "Wiki nzima nasimamia kazi za shule za watoto, Jumamosi na mimi nipelekwe shule?"

Naomba mnisaidie: mada gani, nani afundishe, na tuanze saa ngapi watu wasitoroke. Kuna mhamasishaji anajulikana sana, anataka milioni mbili na nusu kwa saa moja. Nawasilisha.

Mkwepa Foleni

Milioni mbili na nusu ili muambiwe muamke saa kumi alfajiri? Watu waliomaliza 2006 wameshavuka arobaini, saa kumi wako macho wanawaza ada.

Nimekaa Pale

Ngoja waje. Niko na kahawa na kashata.

Chumvi ya Mboga

Mkuu unatuzungusha bure. Vyuo vya biashara vya zamani Dar vinahesabika: CBE ipo tangu 1965, IFM tangu 1972, na Mlimani. Sema tu tukusaidie kumpata mwalimu.

Karani wa Tabata

Chumvi, hunipati ng'o. Kuna wenzangu humu.

Mzee wa Leja

Nimefundisha uhasibu miaka mingi, sasa nimestaafu nafuga kuku Goba. Nimeshaitwa kwenye sherehe za wanafunzi wangu mara kadhaa, na kila mara kosa ni lile lile: wanatafuta mada kabla hawajajua nani anakuja. Hebu hesabu, katibu. Katika hao 138, wangapi bado wanashika vitabu vya hesabu? Wangapi wana duka, wangapi wako benki, wangapi serikalini?

Wahasibu wana jambo la kweli mbele yao. IFRS 18, kiwango kipya cha kimataifa cha uandaaji wa hesabu, inaanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanza Januari 1, 2027, inachukua nafasi ya kile cha zamani, IAS 1, na taarifa ya faida na hasara inapangwa upya: ya uendeshaji mbali, ya uwekezaji mbali, ya ugharamiaji mbali. Mtu wa fedha asiyejiandaa atahangaika, maana atatakiwa aonyeshe na takwimu za mwaka uliotangulia kwa mpangilio huo huo mpya. Lakini ukilisomesha hilo mbele ya mwenye duka la vigae atakwenda "kupokea simu" na hutamwona tena.

Kwa hiyo vyumba viwili vidogo kwa wakati mmoja, halafu kimoja kikubwa cha wote. Na projekta iacheni nyumbani. Mtu mzima ukimzimia taa baada ya chai na maandazi analala, hata kama anayesema ni gavana.

Karani wa Tabata

Mzee shikamoo. Wahasibu wenyewe ni kama 35. Nao wameshauliza kama saa hizo zitahesabiwa kwenye zile za kujiendeleza za NBAA, Bodi ya wahasibu.

Mzee wa Leja

Marahaba. Msiahidi kitu kwenye tangazo. Andikeni barua kwa Bodi mapema, mkiambatanisha mada, saa, na wasifu wa mtoa mada. Siku yenyewe watu wasaini mahudhurio wakiingia na wakitoka. Ukitangaza kwanza ukaja kuuliza baadaye, hao 35 watakudai wewe.

Dada wa Forodhani

Mimi nipo kwenye mambo ya kodi. Chumba cha wafanyabiashara kikijadili kodi tu kitajaa, nakuhakikishia. Kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT kilipanda kutoka milioni 100 hadi 200 mwaka 2023, na kuna watu hawajui mpaka leo. SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, mwaka ule ule ikashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Ikaja Sheria ya Fedha ya 2025 na zuio la VAT, asilimia 3 kwenye bidhaa na 6 kwenye huduma. Hilo la mwisho ndilo linalobana mzunguko wa fedha wa mtu anayeuza serikalini, maana sehemu ya VAT yake inakatwa kabla pesa haijamfikia.

Ila msimlete mtu wa kusoma sheria kifungu kwa kifungu. Mwombeni mmoja wenu alete ankara zake halisi, afute majina, mkae mzipige hesabu pamoja. Na Karani unisamehe: kwenye hiyo fomu yenu ya usajili mnawauliza watu nini? Mwaka juzi kamati moja ilimwaga grupuni orodha nzima, namba za simu, tarehe za kuzaliwa, mahali pa kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, jamani.

Karani wa Tabata

Dada nimesoma nimejishika kichwa. Fomu yetu inauliza jina, simu, cheo, kampuni, na "mafanikio yako makubwa tangu 2006". Majibu yanatokea kwenye jedwali ambalo wote tunaliona.

Bint Kariakoo

Kaka Karani, nilikuwa napita tu, hiyo fomu imenisimamisha.

Mimi pia nimesoma biashara. Wenzangu walikutana 2022, sikwenda. Julai 2021 soko la Kariakoo lilipoungua mzigo wangu ulikuwa mle ndani, na bima sikuwa nayo. Mimi niliyepata A kwenye somo la bima! Mwaka uliofuata ikaja fomu kama yenu, "cheo na kampuni". Nilikuwa nauza vitenge kwa kuvibeba mkononi, nalala kwa dada yangu Mbagala. Nikaifunga simu. Waliniuliza kwa nini sijalipa mchango nikasema nimesafiri.

Unalalamika 29 kati ya 138. Wengine si kwamba hawana hiyo laki na ishirini, ingawa wapo wasiokuwa nayo. Wanajua wakifika watapangwa. Aliyefika na gari kubwa atakaa na wa gari kubwa. Darasa lenu mkiwapa maikrofoni mameneja watupu ndio mtawafukuza kabisa waliobaki.

Angenipigia mtu mmoja akasema "njoo utueleze ule moto ulivyokula mtaji wako na ungefanya nini tofauti", ningekwenda kwa mguu. Mbona hilo nalijua kuliko mwalimu yeyote? Najua stoo ya mtu mdogo inavyokataliwa bima, najua daftari la mzigo likiungua pamoja na mzigo huna cha kumwonyesha mtu.

Mkwepa Foleni

Pole sana dada. Hapo umeongea.

Karani wa Tabata

Pole dada yangu. Umenikumbusha mwenzetu mmoja. Alikuwa na malori manne ya kwenda Tunduma, yamekwisha yote. Kwenye grupu yupo ila hasemi kitu mwaka wa tatu huu. Lakini kumwita mbele za watu si ndiyo kumwaibisha?

Bint Kariakoo

Inategemea unamwita kuja kufanya nini. Ukimwita kutoa ushuhuda wa kuanguka na kuinuka kama kanisani, ndiyo, unamwaibisha, hasa kama bado hajainuka. Mwite kama mtu mwenye kitu cha kufundisha. Na mpigie mwenyewe, usimtumie ujumbe.

Mwana wa Ughaibuni

Naongezea hapo. Shule niliyosoma Marekani kila kundi hurudi baada ya miaka mitano, na asubuhi walimu wenu wa zamani wanawafundisha tena. Kilichonivutia ni kwamba hakuna hotuba. Mnapewa kisa cha biashara ya kweli, kurasa chache, mnakisoma kabla. Mwalimu anaingia, anamchagua mtu: "Wewe ungekuwa yeye, siku ile ungesaini?" Mnabishana saa nzima na dakika ishirini. Mwenye kisa anakaa kimya nyuma, anasimama mwishoni kusema kilichotokea na wapi mmekosea. Watu walitoka wanaendelea kubishana mpaka kwenye foleni ya chakula.

Malori manne ni kisa kizuri. Mkopo, bei ya mafuta, mteja mmoja anayechelewesha malipo, matairi. Kila mtu ana la kusema, mhasibu, wa benki, hata mwenye duka la vigae.

Mzee wa Leja

Hiyo ndiyo njia. Kijana anayeandika kisa aonyeshe tarakimu za kweli na mwenye malori akipitishe kabla hakijatoka. Asipokubali neno moja, linafutwa. Mwalimu wa kuongoza mjadala mtafuteni yule aliyekuwa anawatoa jasho enzi zenu, si yule aliyekuwa anawachekesha. Hatawadai milioni mbili na nusu. Mpelekeeni gari ya kumchukua na kumrudisha, na bahasha ya heshima.

Nimekaa Pale

Kahawa imeisha, kashata zimeisha, uzi bado mtamu.

Chumvi ya Mboga

Mimi nasema muda. Msianze saa mbili, hakuna atakayefika. Anzeni saa nne, mmalize saa saba na nusu, mle. Na mfanyie chuoni, kwenye ukumbi ule ule wa mihadhara, siyo hotelini. Ukikaa kwenye dawati ulilochora jina lako 2004 unakuwa mwanafunzi utake usitake. Hoteli iwe ya jioni.

Karani wa Tabata

Wakuu narudi na mrejesho, siku nne zimepita.

Mhamasishaji tumemwambia asante. Fomu tumeifuta, mpya inauliza jina, simu, na swali moja: "Ungependa kujifunza nini?" Majibu anayaona katibu peke yake. Kwa siku tatu waliolipa wamefika 47. Chuo kimetupa ukumbi na vyumba viwili kwa gharama ya usafi. Barua ya NBAA imekwenda. Dada wa Forodhani, nimekutumia ujumbe faragha, usiseme hukuona.

Mwenye malori nimempigia juzi usiku. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Akasema nimpe siku mbili. Leo kapiga yeye. Amekubali, ila ana sharti. Barua ya kuuza yale malori ilisainiwa na mtu aliyesoma na sisi, ambaye wakati ule alikuwa idara ya mikopo ya benki moja. Anasema huyo awepo, na akae mbele, aulizwe na yeye angefanya nini. Amesema hana kinyongo. Sauti yake sikuielewa vizuri.

Huyo wa benki ndiye mwenyekiti wetu. Bado hajui. Nimwambieje?

Bint Kariakoo

Mpigie leo, kabla hajalisikia kwa mtu mwingine. Halafu umuulize kama aliwahi kumpigia huyo mwenye malori.