Kupunguza muda wa kuhifadhi nakala rudufu: je, hesabu za miaka ya nyuma zitabaki salama?

Swali

Ndugu wataalamu, ninasimamia seva ya chama cha akiba na mikopo hapa Tanzania. Nakala rudufu huchukuliwa kila usiku kwa programu ya restic na kupelekwa kwenye ghala moja lililo katika jengo jingine. Kanuni iliyopo hubakiza nakala 14 za kila siku na 84 za kila mwezi, yaani miaka saba. Diski ya ghala inakaribia kujaa, na uongozi unapendekeza tubakize nakala 30 za kila siku na 3 tu za kila mwezi. Wasiwasi wangu ni folda za hesabu za 2015 hadi 2018, ambazo ziliondolewa kwenye seva mwanzoni mwa Januari 2022 kwa maelezo kwamba zimo kwenye bakapu. Je, kanuni mpya itazigusa, au itahusu tu nakala zitakazochukuliwa kuanzia sasa?

Jibu la kwanza

Itazigusa, ndugu, na naomba msiitekeleze kabla hamjazitoa. Kanuni ya restic haiandikwi ndani ya nakala. Hupimwa upya kila amri ya forget inapoendeshwa, dhidi ya nakala zote zilizomo ghalani, za zamani na za jana. Siku mtakayoiendesha kwa masharti mapya, nakala za miezi yote isipokuwa mitatu ya karibuni zitaondolewa kwenye orodha, na amri ya prune itakapofuata, vipande vya data visivyotajwa na nakala yoyote iliyosalia vitafutwa kabisa.

Uongozi uelezwe pia nafasi hiyo itatoka wapi. restic haihifadhi kipande kilekile mara mbili, kwa hiyo faili ambalo halijabadilika tangu 2019 na bado lipo kwenye seva linatumiwa na nakala zote kwa pamoja, na kufuta nakala kuukuu hakupunguzi chochote kwa upande wake. Kinachobebwa na nakala za zamani peke yao ni kile ambacho seva haina tena, na kwenu hicho ni pamoja na hesabu za 2015 hadi 2018. Sehemu ya nafasi mnayotaka kuiokoa ndiyo hizo hesabu zenyewe.

Tena hata mkiiacha kanuni ya sasa bila kuigusa, nakala ya Desemba 2021, ambayo ni ya mwisho kuwa na folda hizo, itatoka kwenye orodha ya 84 ifikapo Desemba 2028. Programu huangalia umri wa nakala. Haijui kwamba ndani yake kuna daftari ambalo halipo mahali pengine popote. Faili likishaondolewa kwenye seva, nakala yake imekuwa ndiyo asili, na asili haifai kuishi chini ya kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kurejesha kazi ya wiki iliyopita.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, na ninaongeza upande wa utekelezaji. Anza na restic find ili ujue folda hizo zimo katika nakala zipi, kisha rejesha iliyo kamili zaidi kwenye diski tofauti, uifungue, ulinganishe jumla za hesabu na taarifa za mwaka zilizochapishwa. Baada ya hapo unda ghala la pili la nyaraka za kudumu, ambalo halina ratiba ya forget hata moja. Wapo wanaoweka alama kwenye nakala na kutumia sharti la keep-tag, linalozuia nakala zenye alama hiyo zisiondolewe, ndani ya ghala lilelile. Njia hiyo inafanya kazi, lakini msimamizi atakayekuja baadaye akiandika kanuni upya bila mstari huo, ulinzi wote umeondoka.

Ghala la kudumu likaguliwe kwa restic check pamoja na chaguo la read-data, kwa sababu check peke yake hukagua muundo bila kusoma data yote. Nywila yake iandikwe na kutunzwa na watu wawili mahali tofauti. Restic haina njia ya kufungua ghala ambalo nywila yake imepotea.

Jibu la tatu

Wasomaji wanaotumia mifumo mingine wasichukue jibu hili kama lilivyo. Katika Amazon S3, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, kufuli ya Object Lock huandika tarehe ya mwisho kwenye kila toleo la faili, na katika hali ya compliance hata mwenye akaunti hawezi kuifupisha. Katika programu ya IBM iliyojulikana kama Tivoli Storage Manager mambo ni kinyume: thamani ya RETVER, yaani idadi ya siku za kubakiza faili lililowekwa kwenye kumbukumbu, ambayo isipobadilishwa ni 365, ikipunguzwa huzikumba hata faili zilizokwisha kuhifadhiwa chini ya thamani ya awali.

Kuhusu sheria, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inadai kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ila mikopo na migogoro ya wanachama inaweza kudumu zaidi. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu taarifa za watu kubakizwa bila sababu. Muda wa ghala la kudumu upangwe na bodi kwa maandishi. Si uamuzi wa kumwachia fundi.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimegundua asubuhi hii kwamba mwenzangu aliendesha forget jana usiku kwa kanuni mpya, ila bila prune. Orodha sasa haionyeshi nakala yoyote ya kabla ya 2022.

Jibu la kwanza

Data bado ipo, ndugu. Zima sasa hivi kila ratiba inayoita prune, ikiwemo forget iliyofungamanishwa nayo, na usiruhusu mtu kuiendesha kwa mkono. Kisha endesha restic recover, ambayo hukusanya folda zote zisizotajwa na nakala yoyote na kuziweka katika nakala moja mpya. Utazikuta zina majina ya herufi na tarakimu, hivyo itabidi uzifungue moja moja hadi uzione za 2015 hadi 2018. Zirejeshe kwenye diski tofauti leo hii, na ratiba ya prune isirudishwe mpaka mhasibu awe amezifungua na kuzikubali.