Naomba ushauri: simu imejaa watu, mlangoni hakuna anayebisha hodi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 34, nilitoka Songea kuja Dar mwaka 2019 kikazi. Nimepanga chumba na sebule Kimara, naishi mwenyewe. Kwenye WhatsApp niko makundi 14: ukoo, niliosoma nao, kazini, vikoba.

Mwezi uliopita malaria ilinilaza siku tatu. Nilipoweka status, pole zilimiminika mpaka simu ikaisha chaji. Aliyefika ni mmoja tu. Mama anayeuza vitumbua pale getini aliona sipiti asubuhi, akamtuma mwanawe aniletee uji. Nililia jamani, na utu uzima huu. Huyo mama hata namba yangu hana.

Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti ya Juni 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Basi tuko wengi, ila hilo halinipi mtu wa kula naye ugali jioni.

Waliopitia hali hii wanisaidie: mtu mzima anaanzaje urafiki wa kutembeleana hapa mjini? Nyumba yetu ina wapangaji sita, tunasalimiana koridoni kila mtu macho kwenye simu. Nikiwaalika chakula Jumapili wataniona wa ajabu? Jumuiya nimeanza kwenda, lakini sala ikiisha kila mtu anawahi kwake. Na yule mama nimshukuruje, asije akadhani namlipa uji wake?