Tango Mwanza: mgeni anakuja mara moja harudi tena, tufanyeje?

Mwana_Kirumba: Wakuu habari za jioni. Tuko watu nane hapa Mwanza tunacheza tango, ile dansi ya Argentina ya wawili wawili, kila Alhamisi, tumeazima kaukumbi Kirumba, sakafu ya saruji ila tunaifagia vizuri. Shida mgeni akija anaishia kwenye kiti maana sisi tushazoeana tunachezeana wenyewe kwa wenyewe. Juzi dada mmoja katoka Igoma kapanda daladala mbili, hakuna aliyemnyanyua hata wimbo mmoja, roho imeniuma mpaka leo. Waliocheza nje huko wenzetu wanafanyaje?

Sangara77: Mkuu nimecheza Berlin wakati nasoma. Usiku wa kucheza wanauita milonga, na nyimbo haziachwi zijiendeshe tu kwenye simu, zinapangwa mafungu ya tatu au nne, fungu moja ndo tanda, unacheza na mtu mmoja mpaka liishe, halafu kinapigwa kipande cha muziki tofauti kabisa wanakiita kortina, hapo wote mnarudi kwenye viti. Ukirudi kwenye viti lazima mchanganyike. Kortina nyie wekeni hata ngoma ya Bugobogobo, hakuna atakayejisahau akaendelea na tango! Kuomba kucheza ni kwa macho, mkitazamana unainamisha kichwa kidogo, asiyetaka anaangalia pembeni na hakuna anayeaibika.

MamaK_Nyegezi: Sangara nakuelewa ila hayo macho kwa mgeni hayasaidii kaka angu, nani atamtazama mtu ambaye hajui hatua? Nimekaa kwenye kiti kile Nairobi najua kinavyochoma. Hata Buenos Aires zamani wanaume walikuwa wanafundishana wao kwa wao kwenye praktika, yaani kipindi cha mazoezi, kwanza ndo waende milonga. Kwa hiyo @Mwana_Kirumba saa ya kwanza iwe praktika, kila wimbo mnabadilishana, wenyeji ndo wamfuate mgeni sio yeye awafuate. Na wekeni nyimbo za tango za okestra ya Di Sarli wa Argentina, mapigo yake yanatembeka hata kwa asiyejua kitu. Alafu mwambieni mapema kwamba kule kukumbatiana ndo namna ya kucheza, wengine wanashtuka wanaondoka kimyakimya.

Mwana_Kirumba: Asante sana mama, asante mkuu. Kweli simu tulikuwa tunaiacha ijipigie. Alhamisi tunaanza saa 11 praktika, saa 12 milonga. Yule dada wa Igoma namba yake ninayo, nampigia sasa hivi nimuombe radhi, na akija wimbo wa kwanza namnyanyua mimi.