Mrejesho: mnyauko wa migomba, Kasese, Uganda

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza hapa kuhusu migomba yangu: majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na shina ukilikata linatoa utomvu wa manjano. Wengi mlisema ni mnyauko wa bakteria. Afisa kilimo wa gombolola (ngazi ya utawala chini ya wilaya) alipokuja akasema vilevile.

Nilifuata ushauri wa kukata mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, bila kung'oa na wenzake wa shina lilelile. Panga nalipitisha motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume nalivunja kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokeza, wadudu wasipate pa kutua. Matoke, ndizi za kupika, ya karibu na nyumba yamepona, machipukizi ni kijani hadi ncha!

Mpakani mwa shamba, upande wa jirani, bado. Kayinja, ile ya pombe, iliumia vibaya; nimeiondoa yote na kupanda maharage. Tena huko mapanga huazimwa nyumba hadi nyumba. Mzee jirani amekubali kupitisha panga lake motoni, Mungu ambariki, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ameahidi kulileta suala hili kwenye mkutano wa kijiji.