Nipo Mtwara: sufuria kubwa ya kupikia bia nyumbani, nichukue ya lita ngapi?

Korosho Mbichi
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, upande wa Shangani. Napika bia mwenyewe ya kunywa na washkaji, siuzi hata chupa. Sufuria yangu ni ya lita 15, natoa lita 10 tu, na wikiendi ya mechi haifiki Jumapili. Kimea cha shayiri na hopsi (maua ya kutia bia uchungu) naagiza, nauli ya mzigo ni ileile nikipika kidogo au mara mbili yake. Sasa nataka nitoe lita 20 kwa mpiko mmoja.

Sokoni nimeona masufuria ya shughuli, ya alumini, mapana. Dar kuna jamaa ana ya stenlesi lita 50, ina koki na kipimajoto. Bei siitaji, mama watoto huwa anapita humu. Jiko langu ni la gesi plate mbili, mtungi wa kilo 15. Nichukue ipi? Na lita 30 zinatosha?

Fundi Chikongola
Mkuu, 30 zitakubana. Hesabu kuanzia mwisho. Unataka 20 kwenye ndoo ya kuchachushia. Mashapo yatabaki na lita moja na nusu hadi mbili. Maji ya kimea yakipoa yanasinyaa karibu asilimia 4, hapo lita nyingine. Kuchemsha saa nzima kunaondoka na lita 3 au 4 za mvuke, maana huwezi kufunika, ule mvuke unatoka na harufu mbaya ya mboga iliyochemshwa. Kwa hiyo unaanza na 26 au 27. Ongeza nafasi ya povu linalopanda pale mwanzo wa kuchemka. Mimi nasema 40.

Wauzaji wa sokoni wanajua namba za sufuria, lita hawana habari nazo. Nenda na futi kamba. Nusu ya upana izidishe kwa yenyewe, mara 3.14, mara kina, gawa kwa 1000. Upana sentimita 40 na kina 32 unapata lita 40. Ukikuta mbili za ujazo mmoja, chukua ndefu. Ile pana inapoteza maji mengi zaidi kwa mvuke.

Mama Mtama
Mwanangu, kabla ya sufuria nunua moto. Huku Masasi pombe ya mtama tunapikia pipa, lakini chini kuna mafiga na magogo. Hilo jiko la plate mbili kwa lita 27 litapasha tu, kuchemka utakusubiri mpaka usinzie. Na sufuria nyembamba inaunguza chini, ukiunguza umemaliza, ladha ya moshi haitoki. Mtu asikudanganye ukanunua pipa la bati la zinki au lililobeba rangi. Uchachu unakula ile zinki, mnainywa.

Korosho Mbichi
Shikamoo mama. Kwa hiyo nitafute lile jiko la mguu, la mama lishe?

Mama Mtama
Marahaba. Hilohilo. Pikia uani, si jikoni kwa mkeo.

Fundi Chikongola
Mama kamaliza. Niongeze tu kwamba kwa mpiko wa lita 20 gesi inakaribia kilo nzima, kupasha na kuchemsha. 

Abuu Ligula
Nchi ina madafu, ina miwa, ina ukwaju. Bado hamtosheki?

Korosho Mbichi
Shekhe, heshima yako. Madafu tunakunywa asubuhi.

Msangamkuu Boy
Mnabishana lita wakati shida ya Mtwara ni kupoza bia ikishachemka. Lita 10 unaziweka kwenye beseni la maji zinapoa. Lita 22 za moto hazipoi hivyo, na maji ya bomba yenyewe hapa yana joto la kukaribia 28. Tafuta bomba la shaba, lizungushe kama springi, litumbukize dakika 15 kabla hujazima moto ili lijisafishe, kisha pitisha maji ya bomba mpaka nyuzi 40. Baada ya hapo sufuria iingie kwenye beseni la barafu ya feri. Kwa hesabu kilo 5 au 6 zinatosha kushusha hadi nyuzi 20 za chachu ya kawaida, ila nyingine itayeyuka bure kwa hili jua, beba 10. Ukiona kazi, tafuta chachu za Norwe zinazoitwa kveik. Zinafanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 30 na kitu.

Kuhusu alumini sina ugomvi nayo, inasambaza moto vizuri. Mara ya kwanza chemsha maji matupu mpaka ndani ifanye weusi, na huo weusi usiusugue kwa stilwaya, ndio kinga yake. Kostiki soda iwe mbali, inaitafuna. Ila epuka zile za kusubu kwa vyuma chakavu, hujui kilichoyeyushwa mle, madini ya risasi yanaweza kuwemo. Chukua ya kiwandani, yenye vishikio.

Korosho Mbichi
Basi nimeamua. Alumini ya kiwandani lita 40, hela inayobaki inanunua jiko la mguu na bomba la shaba. Ile ya Dar aoe mwingine. Swali la mwisho: nitoboe niweke koki?

Fundi Chikongola
Weka. Sufuria na lita 27 za moto ndani ni karibu kilo 30, usiibebe. Nunua koki ya stenlesi ya nusu inchi, ya kukaza kwa nati na washa za silikoni ndani na nje. Usimpe fundi wa mageti achomelee, alumini nyembamba ataitoboa. Tundu liwe sentimita mbili au tatu juu ya kitako ili mashapo yabaki. Kabla ya kuweka kimea, ijaze maji, iache usiku kucha juu ya gazeti kavu uone kama inavuja.

Korosho Mbichi
Kesho naenda sokoni na futi kamba.